Kukarabati jiko la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mwenye nyumba Dar es Salaam au mji mwingine wa mwambao: kuta za matofali ya saruji, maji yanayokatika, gesi ya mtungi, na familia inayopika kweli kweli. Msomaji wa Arusha au Mbeya naye atapata chake, ila habari za chumvi ya bahari anaweza kuziruka. Za mchwa asiziruke.

Nianzie wapi? Tayari nina picha mia za majiko mazuri kwenye simu.

Ziache kwanza. Anza na chakula. Kwa wiki moja andika kinachopikwa, nani anapika, anapika amesimama au ameketi, na ni chombo gani kila siku kinakosa pa kukaa. Nyumba inayosonga ugali kila jioni, inayokaanga samaki na kupika pilau la watu ishirini kila Idi au Krismasi haiwezi kutoshea katika jiko lililochorwa kwa ajili ya mtu anayepasha tambi. Nyingi ya picha hizo zimetoka nchi ambako nazi hununuliwa ndani ya kopo.

Kisha pima chumba. Pima ukuta kwa ukuta chini, katikati na juu, maana kuta zetu mara chache zinakuwa mraba kamili, na tofauti ya sentimeta mbili ni jambo la kawaida. Chora kwenye karatasi ya hesabu, kila kisanduku kiwe sentimeta 10. Onyesha mlango unakofungukia, dirisha limeanzia kimo gani kutoka sakafuni, maji yanaingilia wapi, maji machafu yanatokea wapi, na sanduku la umeme lipo upande gani. Fundi asipoona mchoro huo atakupa bei ya kukisia, na tofauti utailipa wewe.

Je, kuna haja ya jiko la nje kama la ndani litakuwa zuri?

Kama kiwanja kinaruhusu, ipo, tena kubwa. Katika nyumba nyingi za huku jiko la ndani ni la chai, mayai na kupasha kiporo. Maharage, makande, samaki wa kukaanga na pilau la sikukuu hupikwa nyuma. Lakini ukarabati ukija, pesa yote inaishia ndani: mwenye nyumba anapata graniti ya kupangusa vumbi, na anayepika anabaki ameinama kwenye mafiga matatu juani. Mimi hushauri fungu la jiko la nje litengwe kabla hata rangi ya makabati haijachaguliwa. Halihitaji makubwa. Paa litokeze nje ya ukuta kama mita moja ili mvua ya upepo isiingie, sakafu iwe ya saruji ngumu (si tailizi, kinu kitazipasua), kuwe na kaunta ya zege, bomba la maji, taa, na kuta za matofali ya matundu ili hewa ipite. Acha pia nafasi ya mtu kuketi na mbuzi ya kukunia nazi bila kupigwa na mlango.

Mahali pa kuliweka hupangwa na upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, takribani Aprili hadi Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Pepo zote mbili, basi, zina asili ya mashariki. Jiko la nje likiwa magharibi mwa nyumba, moshi unaondoka zake karibu mwaka mzima. Likiwa mashariki, mapazia ya sebuleni yatanuka dagaa. Ubaya wa magharibi ni jua la alasiri, kwa hiyo refusha paa upande huo au panda mti. Na uangalie jirani yako wa magharibi anaishi umbali gani, asije akaupokea moshi ulioukimbiza kwako.

Wenye nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, zile za Magomeni na Kariakoo ya zamani, tayari mna jiko la uani. Kabla ya kukibadili chumba kimoja cha kulala kuwa jiko la ndani, fikirieni kulifanya lile la uani liwe bora. Liko karibu na maji, moshi una pa kutokea, na chumba cha kulala mnabaki nacho.

Tunaambiwa tuachane na mkaa. Bado niutengee nafasi?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Jiko unalojenga leo litakuwa bado linatumika mwaka huo, kwa hiyo lipange kwa gesi na umeme. Mkaa, kama bado unautaka kwa nyama choma na wali wa kupalia, ubaki nje. Mkaa ulioshika vizuri hauonekani kutoa moshi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Hata mvua inyeshe vipi, usiingize jiko la mkaa ndani.

Kaunta iwe na kimo gani?

Kimo cha kawaida ni sentimeta 85 hadi 90, na kwa kukata mboga hicho kinafaa watu wengi. Njia ya uhakika ni kumpima mpikaji: asimame amevaa ndala anazopikia, akunje mkono, pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha toa sentimeta 10 hadi 15. Apimwe anayepika, si anayelipa.

Ila kipimo hicho hakijamfikiria msonga ugali. Chukua kaunta ya sentimeta 90, weka juu yake jiko la gesi la mezani lenye kimo cha kama 10, kisha sufuria yenye kina cha 15. Mdomo wa sufuria unafika sentimeta 115, usawa wa kifua cha mwanamke wa kimo cha wastani. Hapo utaukoroga uji, lakini ugali hutausonga, kwa sababu kusonga kunataka bega liwe juu ya mwiko na uzito wa mwili ushuke. Ndiyo maana watu wanaishia kuiteremsha sufuria sakafuni na kuibana kwa miguu, jikoni mwenye makabati ya mamilioni. Dawa ni kuishusha sehemu ya jiko peke yake hadi sentimeta 70 au 75, au kununua jiko la kuzamishwa ndani ya kaunta na kushusha kidogo tu. Ngazi hiyo ndogo kwenye kaunta haipendezi sana kwenye picha. Ichoreni hivyo hivyo. Kama kuna watoto wadogo, sehemu hiyo ya chini ikae kwenye kona wasikopita.

Vipimo vingine havina ubishi mwingi. Kaunta iwe na kina cha sentimeta 60. Makabati ya juu yawe na kina cha 30 hadi 35, na yaanzie sentimeta 45 hadi 60 juu ya kaunta. Chini ya makabati acha nafasi ya vidole vya miguu, yenye kimo cha sentimeta 10 na kuingia ndani 7, la sivyo utapika umerudi nyuma na mgongo utakuuma. Njia ya kupita iwe mita moja, au mita moja na robo kama huwa mnapika wawili.

Jiko langu ni dogo, mita mbili kwa tatu na nusu. Kuna la kufanya?

Lipo. Jiko maarufu kuliko yote katika historia ya usanifu wa nyumba lilikuwa dogo kuliko lako: mita 1.9 kwa 3.4. Lilibuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu wa Austria, kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt. Alihesabu hatua za mpikaji, kisha akapanga kila kitu kiwe karibu na mkono, pamoja na droo za alumini za unga, mchele na sukari. Msanifu mkuu wa mradi ule, Ernst May, baadaye alihamia huku kwetu: alilima karibu na Arusha enzi za Tanganyika, akafanya kazi Nairobi, akachora mpango wa kupanua Kampala, na Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa kazi yake.

Katika chumba kama chako weka kaunta kwenye ukuta mmoja mrefu na nusu ya ukuta wa pili. Friji ikae karibu na mlango, mtu anayetafuta maji baridi asipite katikati ya mafuta yanayochemka. Makabati ya juu yafike darini. Rafu ya mwisho ni ya sufuria za shughuli. Na mlango ufungukie nje, au uwe wa kuteleza.

Kanuni ya pembetatu ni nini?

Ni kanuni iliyoenezwa na Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani miaka ya 1940: sinki, jiko na friji vikiunganishwa kwa mistari, kila mstari uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla ya yote mitatu isizidi mita 7.9. Inasaidia, lakini ilichorwa kwa mpikaji mmoja. Hapa kwetu anayekuna nazi, anayechambua mchele na anayekaanga wanaweza kuwa watu watatu kwa wakati mmoja, hivyo nafasi ya kaunta iliyo tupu ina thamani kuliko pembetatu nzuri. Baina ya sinki na jiko acha angalau sentimeta 60 bila kuweka kitu. Hapo ndipo kazi yote hufanyika.

Naweza kubomoa ukuta kati ya jiko na sebule?

Swali la kwanza ni kama ukuta unabeba. Katika nyumba ya chini, panda darini uone kenchi zimelalia wapi. Zikiwa zimekaa juu ya ukuta huo, hauvunjwi mpaka mhandisi apange boriti ya kuchukua mzigo. Katika ghorofa, kuta nyingi za ndani ni za kugawa vyumba tu, lakini nguzo na mabimu hayaguswi hata kwa kupitisha bomba.

Swali la pili ni la harufu. Jiko la wazi linawafaa wenye jiko la nje. Asiye nalo, atakapokaanga samaki aina ya changu, kochi litakumbuka hadi Jumapili. Wengi huridhika na dirisha pana la kupitishia chakula, ambalo linaleta mwanga na maongezi huku mlango ukiwa umefungwa.

Makabati ya mbao gani?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. MDF ya kawaida, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ni nzuri siku ya kwanza: imenyooka, inapakwa rangi vizuri, bei yake inavumilika. Adui yake ni maji. Ikinyonya, inavimba, na ikivimba hairudi. Kabati la chini ya sinki ndilo la kwanza kufa, kwa sababu bomba la sinki linalovuja tone moja kwa saa hakuna anayeliona. Kama ni MDF, itumie juu tu, na kingo zote zizibwe kwa ukanda wa plastiki, pamoja na zile za nyuma ambazo fundi anadhani huzioni. Plaiwudi ya kuhimili maji, ile mafundi wanayoiita marini, ya milimita 18, ni chaguo bora kwa chini. Shiti ni ya futi 4 kwa 8, kwa hiyo mwombe fundi akuchoree atakavyokata kabla hujaenda dukani. Mchoro mzuri huokoa shiti nzima.

Mbao halisi? Mninga na mkongo ni za kudumu, kiini chake mchwa hakipendi, na milango ya mninga inazidi kupendeza inavyozeeka. Mtiki nao ni mzuri. Paini, ile ya mashamba ya Sao Hill, ni nafuu lakini haiwezi kukaa karibu na sakafu bila dawa. Kubwa kuliko aina ni ukavu: mbao mbichi itajikunja miezi mitatu baada ya wewe kumaliza kulipa. Keko, hapo Dar, utapata mafundi wazuri sana wa samani, na wengine watakaokuambia ubao umekauka huku bado una majimaji. Inua uone uzito, kisha uulinganishe na ubao mwingine wa aina na kipimo hicho hicho.

Chaguo ninalolipenda zaidi halionekani kwenye picha za mtandaoni: miguu ya matofali na kaunta ya zege ya inchi tatu yenye nondo ndani, rafu za ndani nazo za zege nyembamba, yote ikavikwa tailizi, kisha mbele ukafunga fremu na milango ya mninga. Maji hayaiharibu, mchwa hana cha kula ila milango, na mtu akipanda juu kubadilisha balbu haivunjiki. Upungufu wake ni kwamba huwezi kuihamisha, na droo zinapatikana chache. Kwa hiyo uwe na hakika na mchoro kabla zege halijamwagwa.

Bawaba na reli za droo zinunue za chuma cha pua, gredi 304 kama zipo. Upepo wa bahari unakula chuma cha kawaida hata kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Ukibana matumizi, bana kwenye vishikio.

Juu ya kaunta niweke nini?

Graniti, kama mfuko unaruhusu. Inavumilia moto wa sufuria na kisu, ila ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo na kurudiwa kila baada ya muda, hasa zile za rangi nyepesi, maana manjano na mawese huacha alama. Marumaru ya jiwe halisi iache. Ndimu, ukwaju na siki vinaiunguza, na hakuna mlo wa pwani usio na kimojawapo. Terazo iliyosagwa hapo hapo ni kazi ya zamani inayostahili kurudi. Tailizi kubwa juu ya zege ndiyo njia ya bei nafuu, mradi mistari yake ijazwe grauti isiyopitisha maji na iwe myembamba.

Fundi wa graniti aje kupima baada ya makabati ya chini kufungwa, si kabla. Jiwe likishakatwa, halirefuki.

Sinki naweza kuihamishia dirishani?

Maji safi huhama kirahisi. Bomba la inchi moja linapita popote. Maji machafu ndiyo yenye amri. Bomba la sinki liwe la milimita 50 na literemke kama sentimeta mbili na nusu kwa kila mita, hivyo kuhama mita nne kunataka kushuka sentimeta 10 kabla ya kufika kwenye chemba. Sinki inayowekwa katikati ya chumba inamaanisha kuvunja sakafu. Nje ya ukuta jengea kisanduku cha kunasa mafuta, chenye mfuniko unaofunguka, na kisafishwe. Mafuta ya kukaangia yanayomwagwa kwenye sinki huganda ndani ya bomba, na siku litakapoziba litaziba Ijumaa jioni.

Jambo moja la bomba la kuchanganya maji, lile lenye shingo ya kuvutika: mengi yanahitaji msukumo wa maji wa kama ba (bar) 1. Kila mita moja ya kimo cha simtanki inatoa ba 0.1 tu. Tangi lililo mita nne juu ya bomba linakupa 0.4, na bomba lako la bei mbaya litachuruzika. Ama uweke pampu ndogo, ama ununue bomba la kawaida lenye koo pana. Na kwa siku za mgawo wa maji, kama ule wa mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, acha chini ya kaunta nafasi isiyo na rafu ya ndoo mbili za lita 20.

Umeme je?

Soketi ya pini tatu inabeba ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Birika la umeme ni kama 2,000, maikrowevu 1,200 au zaidi, presha kuka ya umeme takribani 1,000. Jumlisha uone kwa nini ekstensheni inayeyuka. Oveni au jiko la umeme liwe na laini yake peke yake kutoka kwenye sanduku, yenye waya wa milimita za mraba 6 na breka yake. Soketi za kaunta ziwe sita kwa uchache. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba zimezidi. Zisiwe juu ya sinki wala nyuma ya jiko. Sanduku liwe na breka nyeti ya miliampea 30, inayokata umeme mtu anapopigwa shoti, na waya wa kwenda ardhini uwe umefika ardhini kweli. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Mtungi wa gesi ukae wapi?

Nje, kivulini, umesimama wima ndani ya kizimba chenye matundu, na gesi iingie ndani kwa bomba la shaba. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, ndiyo maana kabati lililofungwa ndilo mahali pabaya kuliko pote, na kizimba kisiwe karibu na chemba. Ukilazimika kuuweka ndani, kabati liwe na matundu chini kabisa, yanayotoa hewa nje ya nyumba.

Mpira uwe mfupi, usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya oveni, na ubadilishwe tarehe iliyochapwa juu yake ikifika. Kukagua uvujaji ni kwa povu la sabuni. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima.

Tailizi za sakafu?

Zisizoteleza, rangi ya kati. Nyeupe huonyesha kila kitu, nyeusi huonyesha unga. Nunua asilimia 10 zaidi ya hesabu na uhakikishe boksi zote zina namba moja ya toleo. Boksi utakalolifuata mwezi ujao linaweza kuwa na weupe mwingine kabisa.

Itagharimu kiasi gani?

Bei sitaiandika hapa, kwa sababu graniti, bawaba na plaiwudi nyingi huja na meli na bei zake hufuata dola. Nitakuambia jinsi ya kuipata. Chukua mchoro wako kwa mafundi watatu na uwaombe wote bei ya vitu vile vile, vimeandikwa kimoja kimoja: mita za kaunta, idadi ya milango, aina ya ubao, unene, bawaba. Bei ya jumla jumla haikusaidii kulinganisha chochote. Ukishaijua, ongeza moja ya tano kwa yale yatakayojitokeza ukuta ukifunguliwa, hasa kama nyumba ina zaidi ya miaka ishirini, maana mabomba ya chuma ya wakati ule yameoza kwa ndani.

Fedha ikipungua, usipunguze mabomba na waya. Milango ya makabati unaweza kuifunga mwakani na kutumia mapazia kwa sasa, kama mama zetu walivyofanya.

Nimlipeje fundi?

Vifaa nunua mwenyewe, naye akiwepo. Ufundi ulipwe kwa hatua zinazoonekana: mabomba yamejaribiwa, plasta imekauka, makabati yamesimama. Andikianeni, hata ukurasa mmoja, wenye sahihi na shahidi. Fungu la mwisho, lisilopungua moja ya kumi, libaki mkononi mwako hadi wiki mbili baada ya kuanza kupika. Fundi mzuri hatakasirika. Naye ana haki ya kulipwa siku hatua inapokamilika, si siku utakapojisikia.

Msimu gani mzuri, na itachukua muda gani?

Juni hadi Septemba. Masika inachelewesha plasta, inavimbisha mbao na kufunga barabara za mtaani kwa lori la mchanga. Jiko la kawaida bila kuvunja kuta ni wiki nne hadi sita, kama vifaa vyote viko nyumbani kabla nyundo ya kwanza haijapigwa. Mpangilio usibadilishwe: kuvunja, mabomba na umeme, plasta, dari, sakafu, makabati, kaunta, tailizi za ukuta, rangi. Ramadhani usianzishe kazi. Hakuna futari inayopikwa kwenye kifusi.

Nahitaji kibali?

Kubadilisha makabati, hapana. Kuvunja ukuta, kuongeza chumba au kujenga jiko la nje, pitia ofisi ya ujenzi ya manispaa. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi na masharti makali zaidi. Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na wakubaliane mapema nani atabaki na makabati.

Niko ughaibuni. Nitume vifaa kwenye kontena?

Walio Oman na Uingereza wana bahati: plagi ni zile zile za pini tatu za mraba na umeme unalingana na wetu. Walio Marekani waache oveni na friji huko huko. Umeme wa kule ni wa volti 120 na hezi 60, wa hapa 230 na 50, na transfoma ya kuendeshea friji itakuchosha. Makabati ya kuunganisha ya Ulaya mara nyingi ni ya ubao wa chengachenga, na safari ya baharini pamoja na unyevu wa Dar huyamaliza haraka. Tuma bawaba, reli za droo, na bomba zuri. Kwa usimamizi, omba video ya kila hatua kabla haijafunikwa, yaani mabomba na waya vikiwa bado vinaonekana ukutani, futi kamba ikiwa imewekwa kando. Ndugu anayesimamia alipwe, hata kidogo. Kazi ya bure haina wa kuulizwa.

Mende?

Ziba nafasi kati ya kaunta na ukuta kwa silikoni, na kila tundu ambapo bomba linaingia ukutani. Dawa ije baadaye.

Nikague nini kabla ya kulipa fungu la mwisho?

Jaza sinki hadi juu, izibue ghafla, kisha pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo cha bomba. Mwaga kikombe cha maji sakafuni uone yanaelekea wapi. Fungua milango na droo zote kwa pamoja, uone kama zinagongana. Washa birika, maikrowevu na oveni kwa wakati mmoja kwa dakika kumi, kisha gusa vifuniko vya soketi kama vimepata joto. Bonyeza kitufe cha majaribio cha breka nyeti. Isipokata, fundi umeme arudi. Halafu mkabidhi mwiko mpikaji wa nyumba, asonge ugali wa watu wote, na usikilize anavyolalamika.